Neno la Kwanza ni "Nzuri": Maradhi, Usukani na Fomu za Texas

Daktari akimuuliza Mswahili hali yake, jibu la kwanza huwa ni "nzuri". Hata kama amekuja akishikiliwa kwapani na mwanawe, hata kama usiku kucha hakupata usingizi, atasema nzuri, tunamshukuru Mungu, kisha ndipo aongeze "ila". Sisi tuliokulia ndani ya lugha hii tunajua kwamba habari yenyewe iko baada ya "ila". Daktari wa Fort Worth hajui. Mkalimani wa simu, aliye mbali na mwenye haraka, hutafsiri neno la kwanza, na daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Miezi kadhaa baadaye sentensi hiyo inasomwa na mtu aliyeko Austin, ambaye pengine hatamwona mgonjwa huyo maishani, na ndiye anayeamua kama anastahili malipo ya ulemavu.

Baadhi yetu chamani hutumia Jumamosi kuwasaidia wazee na akina mama wa jamii zetu kujaza fomu, wengine Dallas na Fort Worth, wengine Houston wanaporudi nyumbani likizo. Hatuna shahada ya sheria wala ya udaktari. Tulicho nacho ni Kiswahili, na katika jambo hili Kiswahili si kitu kidogo. Mgonjwa wa hapa huulizwa maswali mawili makubwa: je, unaweza kufanya kazi? Na je, unaweza kuendesha gari?

Maswali hayo hayakai nyumba moja. La kwanza linaulizwa na Social Security, taasisi ya serikali kuu, ingawa anayelipima mwanzo ni ofisi ya jimbo iliyoko Austin. La pili linaulizwa na Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, ile inayojulikana na kila mtu kwa jina la DPS. Kila ofisi ina mizani yake. Lakini mwili ni mmoja, na faili la daktari ni lile lile. Hapo ndipo hofu inapoanza. Watu hudhani kwamba wakisema ukweli huku watapigwa kule: ukisema huwezi kufanya kazi, leseni itakwenda, ukisema bado unaendesha, malipo yatakataliwa. Basi wanachagua kunyamaza kote kuwili, na kwa tulivyoona, anayenyamaza ndiye anayepoteza vyote.

Tuanze na usukani, maana ndio unaoumiza zaidi. Texas bila gari ni kifungo. Kutoka Dallas hadi Houston ni maili 240 hivi kwa barabara ya I-45, na hata ndani ya mji mmoja kazi iko upande huu, kanisa au msikiti upande ule, na duka linalouza unga wa ugali upande mwingine kabisa. Isitoshe, wengi wa kaka na baba zetu wanaishi kwa malori. Leseni ya magari ya biashara, CDL, ndiyo shamba lao. Ndiyo ada ya mdogo mtu kule Kisii, ndiyo mabati ya nyumba kule Moshi, ndiyo mchango wa msiba uliotangazwa jana kwenye kundi la WhatsApp. Ukimwambia mtu kama huyo apeleke ugonjwa wake kwenye ofisi ya serikali, ni kama umemwambia akauze shamba.

Mchukue dereva wa miaka 52 mwenye kisukari. (Hatumtaji jina kwa sababu si mtu mmoja, ni wengi.) Kwa miaka mingi dereva wa lori aliyetumia insulini hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo bila kibali maalumu cha serikali kuu. Kanuni hiyo ilibadilika Novemba 2018. Sasa daktari anayemtibu hujaza fomu kuthibitisha kwamba sukari yake imetulia, dereva mwenyewe huleta rekodi za vipimo vyake vya miezi mitatu, na mpimaji aliyesajiliwa anaweza kumpa cheti cha hadi mwaka mmoja. Hata hivyo bado tunasikia, hasa kwenye vituo vya malori ambako habari za zamani hazizeeki, kwamba sindano ya kwanza ya insulini ndiyo siku ya mwisho ya CDL. Mtu anakataa sindano, sukari inapanda, macho yanaingia ukungu, na kile alichokuwa akikilinda kinakwenda kwa njia nyingine.

Presha nayo ina hesabu yake. Aliye chini ya 140 kwa 90 hupata cheti cha miaka miwili. Aliyefika 180 kwa 110 huondoka bila cheti mpaka ishuke. Katikati hapo kuna vyeti vya muda mfupi zaidi. Tunazitaja namba hizi kwa sababu presha ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya bei nafuu, na ni aibu mtu kupoteza kazi kwa sababu aliogopa kupimwa.

Kifafa ni habari nyingine kabisa. Dereva wa lori la kuvuka majimbo aliyewahi kugundulika na kifafa anahitaji miaka 8 bila kupatwa hata mara moja, awe anatumia dawa au hatumii, kabla ya kuomba msamaha wa kanuni. Kwa gari dogo la kawaida masharti ni mepesi zaidi, lakini fomu ya leseni ya Texas inauliza waziwazi juu ya kifafa, kupoteza fahamu, na kisukari kinachotibiwa kwa insulini. Kwa hali za namna hiyo DPS inaweza kupeleka jina la dereva kwenye Bodi ya Ushauri wa Kitabibu, iliyoanzishwa mwaka 1970, na madaktari wa bodi hiyo hutoa maoni yao. Anayeamua bado ni DPS. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba daktari wa Texas anaruhusiwa kumripoti mgonjwa asiyefaa kuendesha, lakini halazimishwi, tofauti na California ambako sheria inamtaka daktari aripoti magonjwa ya kupoteza fahamu. Na leseni si lazima iwe ama ipo ama haipo. Kuna leseni ya kuendesha mchana tu, na kuna ya mwendo usiozidi maili 45 kwa saa.

Hapa lugha inaingia. Kwetu kifafa hakitajwi ovyo. Tunasema "alianguka", "ana ugonjwa wa kuanguka", au tunanyamaza kabisa. Mkalimani akitafsiri "alianguka jikoni" jinsi lilivyo, daktari ataandika kwamba mgonjwa alijikwaa, atapima goti na kumruhusu aende nyumbani. Si mkalimani aliyekosea. Ametafsiri neno lililosemwa. Vivyo hivyo "kizunguzungu" kinaweza kuwa kichwa chepesi baada ya kuinuka ghafla, au kinaweza kuwa dakika tatu ambazo mtu hazikumbuki hata kidogo. Ofisi zote mbili zinataka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Ulizinduka ukiwa wapi? Nani alikuwepo? Uliuma ulimi? Ilikuwa mara ngapi mwezi huo? Hesabu hiyo ina uzito: mojawapo ya vipimo vya Social Security kwa kifafa ni mgonjwa kupatwa na degedege la mwili mzima angalau mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, ingawa anameza dawa zake ipasavyo. Asiyeandika tarehe hana cha kuonyesha.

Kisha kuna mkono na mguu. Walimu wetu watacheka, lakini jambo hili limetupa shida kuliko sarufi yote tuliyosoma. "Mkono" wetu unaanzia begani hadi ncha za vidole. "Mguu" unaanzia nyongani hadi kidole gumba. Dereva wetu wa kisukari akisema "mguu umekufa ganzi", Mmarekani anauliza: upi, na wapi? Kama ni unyayo, basi huenda hausikii breki, na hilo ni suala la DPS kabla halijawa la Social Security. Kama ni paja, huenda tatizo liko mgongoni. Akisema "kiuno kinauma", mmoja anatafsiri nyonga na mwingine sehemu ya chini ya mgongo, na faili linaonekana kama la mtu anayebadilisha maneno. Kiswahili kina maneno yote tunayohitaji: kiganja, kiwiko, unyayo, kisigino, kifundo, goti, muundi, paja. Nyumbani hatuyahitaji sana kwa sababu mtu huonyesha kwa kidole. Kwenye simu na kwenye karatasi hakuna wa kuonyeshwa.

Neno "ulemavu" lenyewe linawafukuza watu mlangoni. Katika lugha yetu waliumbwa kwanza kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, wote katika ngeli ya KI-VI, na wote ni watu ambao hali yao inaonekana au inajulikana na kijiji kizima. Baadaye likaja "mlemavu" katika ngeli ya watu, na siku hizi "mtu mwenye ulemavu". Ngeli ilibadilika, picha kichwani haikubadilika sana. Mwenye figo mbovu, mwenye selimundu, mwenye moyo uliopanuka, ukimtajia malipo ya ulemavu atakuambia, "Mimi si mlemavu, naumwa tu." Anakataa haki kwa sababu ya neno.

Sheria ya Marekani haimuulizi kama ana kiungo kilichopungua. Inauliza kama ugonjwa uliothibitishwa kitabibu unamzuia kufanya kazi yoyote ya maana, na kama umedumu au utadumu angalau miezi 12, au utaishia kifo. Hakuna nusu, hulipwi asilimia ishirini kwa sababu umeumwa asilimia ishirini. Kazi ya maana hupimwa kwa fedha: mwaka 2025 aliyepata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi kwa kazi yake, na si kipofu, alihesabiwa kuwa anafanya kazi, na ombi lake liliishia hapo.

Mifuko yenyewe ni miwili na watu huichanganya kila mara. SSDI, iliyoanzishwa mwaka 1956 na mwanzoni ikiwahusu watu wa miaka 50 hadi 64 tu, ni bima: unalipwa kwa sababu ulikatwa kodi ulipokuwa kazini. SSI, iliyoanza kulipa Januari 1974, ni ya maskini wazee, wasioona na wenye ulemavu, hata kama hawakufanya kazi, lakini mali ya mtu mmoja isizidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989. Tunakiona kiwango hicho kuwa cha ajabu. Gari bovu la pili tu laweza kukiruka. Mzee aliyekuja kama mkimbizi kutoka Kongo kupitia Nyarugusu au Nakivale anaweza kupata SSI, lakini kwa miaka 7 tu asipokuwa raia. Ndiyo maana ombi la uraia lisingojee. Kwa mgonjwa asiyeweza kujifunza Kiingereza wala historia ya Marekani kwa sababu ya maradhi, ipo fomu N-648, inayojazwa na daktari, ya kumwondolea mtihani huo.

Turudi kwa dereva wetu, maana SSDI ina mtego unaowahusu hasa watu wa malori. Kwa kawaida mwenye umri kama wake anahitaji pointi 30 za kazi, na 20 kati yake ziwe za miaka 10 iliyotangulia ugonjwa. Mwaka 2025 pointi moja ilipatikana kwa kila dola 1,810 za mapato, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Mwenye lori lake mwenyewe anayekata gharama zote mpaka faida inabaki karibu na sifuri amefurahia msimu wa kodi, lakini huenda mwaka huo hakujiwekea hata pointi moja. Na aliyeacha kazi kwa ugonjwa akakaa kimya, akisubiri apone, akiishi kwa michango ya ndugu, bima yake humwisha takriban miaka mitano baadaye. Siku atakapoamua kuomba, itambidi athibitishe kwamba alishindwa kufanya kazi kabla ya tarehe hiyo, kwa karatasi za miaka ambayo alikuwa akikwepa hospitali ili asipoteze CDL.

Kupoteza CDL peke yake hakumfanyi mtu kuwa mlemavu machoni pa Social Security. Watakubali pengine kwamba hawezi tena kuendesha lori, kisha watauliza kama anaweza kazi aliyofanya zamani, wakitazama miaka 5 ya nyuma (kabla ya Juni 2024 walitazama 15), halafu watauliza kama kuna kazi nyingine yoyote nchini anayoiweza: kukaa dirishani kukata tiketi, kutazama kamera za ulinzi. Umri unasaidia, kanuni hulegea mtu akifika 50, na zaidi akifika 55. Zamani kutojua Kiingereza nako kulihesabiwa kama kiwango cha elimu kilichopunguza kazi ambazo mtu angeweza kupata. Kuanzia tarehe 27 Aprili 2020 kipengele hicho kilifutwa. Kwa mama wa Kikongo wa Houston aliyefanya kazi ya kufua shuka hotelini kwa Kiswahili na ishara za mikono, hilo si badiliko dogo.

Sasa ile fomu ya maisha ya kila siku, ambayo wengi huijaza kwa haraka kana kwamba ni ya sensa. Inauliza unapika, unafua, unatoka na nani, na unasafiri kwa njia gani. Na hapo, katikati ya maswali ya vyungu na mashuka, kuna swali kama unaendesha gari, na kama huendeshi, kwa nini. Hapa ndipo kalamu husimama na watu hututazama usoni. "Niandike nini?"

Andika kilichopo. "Ndiyo" peke yake si kweli nzima, na "hapana" ni uongo iwapo jirani anakuona barabarani. Mzee mmoja alitueleza hivi: naendesha dakika kumi hadi dukani, asubuhi tu, siku ambazo miguu haina ganzi, barabara kuu sijaingia tangu Machi, usiku ananiendesha binti yangu. Jibu hilo halimwangushi. Dakika kumi za kwenda dukani si saa nane za kazi siku tano kwa wiki, na wapimaji wanajua tofauti hiyo wakielezwa. Kinachomwangusha mtu ni fomu inayosema haendeshi na faili la kliniki linalosema alikuja akiendesha mwenyewe. Social Security ina wapelelezi wanaoshirikiana na polisi kufuatilia migongano ya namna hiyo, na kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai.

Lakini jibu la mzee yule lilitufanya tumuulize swali la pili, ambalo halimo kwenye fomu: je, zile dakika kumi zenyewe ni salama? Mguu hauulizi ruhusa kabla ya kufa ganzi. Tulimwomba alipeleke swali hilo kwa daktari wake kwa maneno yale yale. Hatukuwa wepesi kulisema, kwa kuwa ni mzee wetu na gari ndilo heshima yake, lakini barabarani wamo pia watoto wa watu.

Ombi likikataliwa, na mengi hukataliwa mara ya kwanza, barua inatoa siku 60 za kukata rufaa. Tumeona barua hizo zimewekwa juu ya friji kwa sababu zimeandikwa kwa Kiingereza na zinatisha. Zifunguliwe siku hiyo hiyo. Ngazi ya kwanza ni kupitiwa upya, ya pili ni kusikilizwa na jaji, na ofisi za kusikiliza ziko Dallas, Fort Worth na Houston. Social Security hutoa mkalimani bila malipo. Usimpeleke mtoto wa darasa la sita akatafsiri maradhi ya mama yake. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida halipwi mpaka mteja ashinde, na ada yake huwa robo ya malimbikizo, isiyopita dola 9,200 kwa kiwango kilichoanza Novemba 2024. Anayekuomba pesa nyingi mezani kabla ya kazi, muulize vizuri.

Hata aliyeshinda husubiri. SSDI huruka miezi mitano kamili ya kwanza, na Medicare huja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Texas haikupanua Medicaid, kwa hiyo mtu mzima asiye na watoto anaweza kukaa muda huo wote bila bima. Kwa wengi mlango uliobaki ni hospitali za umma za kaunti: Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth, Harris Health kwa Houston, zenye mipango ya gharama kulingana na kipato kwa wakazi wa kaunti zao. Huko ndiko pia faili linakojengwa.

Na aliyeweka funguo chini? DPS hutoa kitambulisho cha jimbo badala ya leseni, kwa hiyo hakuna atakayekosa karatasi ya kuonyesha benki. Usafiri ni suala gumu zaidi. Arlington, mji wa watu karibu 400,000 katikati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya kawaida ya mjini. Tangu Desemba 2017 kuna magari madogo ya kuitwa kwa simu, na Handitran kwa wazee na wenye ulemavu. Kwingineko, sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inazitaka taasisi zenye mabasi ya njia maalumu kuwa na usafiri wa mlango kwa mlango kwa wasioweza kupanda basi, angalau ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia hizo. DART wanao Dallas, Trinity Metro wanao Fort Worth, na Houston unaitwa METROLift. Kabla hujakodi nyumba, tazama kwanza ramani ya basi.

Usafiri huo nao una fomu, na kuna mahali unaeleza umbali unaoweza kutembea hadi kituoni. Mama mmoja wa Houston alituambia tuandike "kidogo". Tukamuuliza, mama, kidogo ni hadi wapi: mlangoni, kwenye sanduku la barua, au kwenye kona ya barabara? Akafikiri. "Hadi sanduku la barua," akasema. "Kurudi, naegemea gari la jirani kwanza, nihesabu mpaka hamsini." Tukaandika hivyo hivyo, na gari la jirani tukaliweka.